Chumvi ya Uswidi

Wiki iliyopita nilipanda lifti na mama mmoja nisiyemjua, na koti lake lilikuwa linanuka naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye masanduku kufukuza nondo. Mlango ulipofunguka kwenye ghorofa yangu sikushuka. Nilipanda naye mpaka juu kabisa, nikiwa nyuma yake navuta pumzi, kisha nikarudi chini peke yangu machozi yakinilengalenga. Nyinyi wa rika langu mliokulia Rosettenville, kule Joburg, mtanielewa. Kila nyumba ya wahamiaji mtaani kwetu ilikuwa na sanduku moja chini ya kitanda ambalo halikuguswa kwa matumizi ya kawaida. Lilikuwa sanduku la kwenda. La wengine lilikuwa la kwenda Kanada, la wengine Australia. Letu lilikuwa la kwenda Uswidi.

Ndani yake mlikuwa na makoti mawili, la mama na langu. Mama alikuwa fundi cherehani, na meza yake ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja kuukuu katikati ya jiji, kati ya msusi Mkongo na kijana wa Malawi aliyetengeneza simu. Makoti yale aliyanunua kwenye mitumba, yakiwa mazito kiasi kwamba ukivaa moja unahisi mtu amekukalia mabegani, akayafumua yote na kuyashona upya. Langu alilishonea mtu ambaye bado sijawa. Kwenye mikono na chini aliacha pindo kubwa limekunjwa ndani, na kila nilipoota urefu aliachia kidogo. Watoto wengine walipimwa urefu kwa alama ukutani. Mimi nilijua nimekua kila mama alipotoa koti, akapiga chafya kwa ile naftalini, akafumua uzi.

Uswidi alikuwako Papa, baba yangu. Nilimjua kwa sauti tu. Niliambiwa kwamba vita vilitutenganisha nikiwa mgongoni mwa mama, katika mji wetu mdogo kando ya ziwa, mashariki mwa Kongo. Sisi tulishuka kusini, nchi moja baada ya nyingine, mpaka Joburg. Yeye alivuka upande mwingine, akakaa kambini miaka mingi, na kutoka kambini akachukuliwa kupelekwa Uswidi. Yeye na mama walikuja kupatana kwa simu kupitia watu wa kanisa. Alikuwa anapika katika nyumba ya wazee, na sauti yake ilikuwa nene, ya mtu mrefu, mwenye kifua cha kubebea mtoto. Nilikuwa nimeshachagua ubavu nitakaoegemea siku tukifika.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao makaratasi yetu ya kumfuata Papa yalianza kusogea. Tuliambiwa tutaitwa ubalozini Pretoria kwa mahojiano. Hapo ndipo Papa Zakaria, shemasi wa kanisa letu, alipotoa shauri lake. Papa Zakaria alikuwa mlinzi wa duka la jumla, na kwa kuwa alikuwa amewasindikiza watu wengi balozini, akiwasubiri nje ya geti, alihesabiwa kuwa mtaalamu wa yaliyoko ndani.

"Batakuuliza habari ya Suède, Mama Sifa," alimwambia mama, akiiita Uswidi kwa Kifaransa. "Unataka kuenda kuishi kwa watu na haujue habari yabo? Batakukatala palepale."

Mama hakusoma Kiingereza. Mimi nilikisoma kuliko nilivyosoma kitu kingine chochote. Basi tangu siku hiyo, nikitoka shule, nilikaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani, nikafungua simu na kumsomea mama habari za Uswidi, namfasiria huku yeye anashona. Alizihifadhi kama mistari ya Biblia, na Jumapili baada ya ibada Papa Zakaria alimsaili mbele ya akina mama. Tulijiandaa kwa mtihani ambao hakuna mtu aliyetuambia upo.

Tulitegemea habari za theluji. Picha zote alizotutumia Papa zilikuwa za theluji, na theluji ndiyo iliyotushonesha yale makoti. Kwetu ilikuwa Julai, baridi kavu ya Joburg inayopasua midomo, nyasi zote zimekuwa rangi ya kadibodi, na mama alikuwa amewasha hita ya mafuta ya taa kando ya miguu. Nikafungua simu nikaona msitu wa Uswidi unawaka moto.

"Mama, Sweden inaungua."

Mama akatoa mguu kwenye pedeli. "Nani anaichoma?"

"Hakuna mtu. Ni jua. Mvua haijanyesha, msitu umekauka."

"Sifa. Msitu haujichomi. Soma tena."

Nikasoma tena. Moto ulikuwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ndege za kumwaga maji zilikuwa zinatoka nchi za mbali kuja kusaidia, na watu walikuwa wanahamishwa vijijini. Mama alisikiliza na sindano mdomoni. Nilipomaliza aliuliza tena, taratibu, kana kwamba namficha: nani anaichoma? Kwake moto ulikuwa na mtu kila mara. Sikuelewa kwa nini ameinama kuzima hita kwa ajili ya miti ya watu.

Hatujakaa vizuri, wezi wakaingia katika kanisa moja kubwa la huko mchana kweupe, kanisa likiwa wazi, wakabeba mataji ya dhahabu ya mfalme na malkia wa zamani waliozikwa humo. Waliondoka kwa baiskeli mpaka kwenye maji, wakapanda boti, wakapotea. Habari hiyo niliisoma mbele ya akina mama wa maombi, na chumba kizima kilishika vichwa.

"Kwa baiskeli?" alisema mmoja.

Papa Zakaria aliumia kitaaluma. "Na mulinzi alikuwa wapi?" aliuliza, na akaendelea kuuliza mpaka ibada ya jioni. "Nijibuni. Mulinzi alikuwa wapi?"

Kisha ukaja mlima. Kilele kirefu kuliko vyote Uswidi kilikuwa na kofia ya barafu, na barafu ile iliyeyuka kwa joto mpaka kilele kikawa kifupi kuliko jirani yake. Hapo nilishikwa na hofu ya kwangu mwenyewe, ambayo sikumwambia mtu. Msitu umekwenda, mataji yamekwenda, na sasa hata mlima unapungua. Niliona wazi kwamba Uswidi inaisha. Ilikuwa inaondolewa kipande kwa kipande, na sisi tulikuwa bado tunangoja kuitwa Pretoria. Usiku nilimwomba Mungu aibakize kidogo, hata chumba kimoja tu, kile anacholala Papa.

Jakaranda zilikuwa zinakaribia kutoa maua Waswidi walipopiga kura. Mwaka uleule nchi yetu ya Kongo nayo ilikuwa inangoja uchaguzi, kwa hiyo neno kura peke yake lilitosha kumkosesha mama usingizi. Kila mchana aliniuliza nani ameshinda, na kila mchana nilitafuta jibu nisilipate, maana hakuna aliyeshinda vya kutosha. Halafu bunge likamwondoa waziri mkuu kwa kura, na wa kushika nafasi yake hakupatikana. Niliifasiri kwa kifupi, kama mtoto anavyofasiri.

"Mama, hawana serikali."

Alisimama. Nguo ya mteja ilianguka sakafuni naye hakuiokota, yeye ambaye hakuruhusu hata uzi uguse chini. Alifunika cherehani, akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikalia, tukashuka ngazi na kuvuka barabara robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu. Hakuniachia mpaka tumefika chumbani Rosettenville na mlango umefungwa kwa komeo. Ndipo akampigia Papa na kuweka spika.

"Ondoka leo," alisema. "Chukua makaratasi yako na nguo ya baridi. Norvège iko karibu, vuka mupaka. Usingoje mutu."

"Kuna nini, Mama Sifa?"

"Batoto banajua na weye haujue? Hamuna serikali!"

Papa akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha kifuani, kicheko kizuri kweli, nami kwa kukisikia nikaanza kucheka pia.

"Mama Sifa, hapa busi inakuja kwa saa yake," alisema akiwa bado anacheka. "Asubuhi nimepika uji ya wazee, nimeosha sufuria, nimerudi. Nani anaona serikali haiko? Hata paka hajui!"

"Unacheka," mama alisema.

"Mama Sifa..."

"Hata siku ile ulicheka!"

Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mama, kabla wala baada. Majirani wa upande wa pili waligonga ukuta.

"Nilikuambia chumvi imekwisha kwa soko. Nikakuambia, tutoke leo, na mtoto. Ukacheka! Ukasema unangoja kesho, umalize ile mlango ya batu. Mlango! Miye nikabeba Sifa, nikatoka. Kesho yako iko wapi? Ilifika lini?"

Upande wa pili hakukuwa na kicheko tena. Mama alikata simu, akaketi kitandani, na aliponiona nimesimama palepale nilipoachwa, akaniambia yote kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mtu njia.

Chumvi ya mji wetu ilivushwa ziwani. Wachuuzi wa ng'ambo walikuwa na masikio marefu kuliko redio. Wakisikia jambo baya linakuja waliacha kuvuka, na chumvi ndiyo iliyokwisha kwanza, kabla ya risasi ya kwanza, kabla ya wakubwa kupakia magodoro yao kwenye magari. Mama yake alimfundisha hivyo, naye alifundishwa na wa kwake. Ukifika sokoni ukakuta wauza chumvi hawapo, unarudi nyumbani, unabeba watoto, unatoka. Papa alikuwa seremala, mtu wa kuchekesha, kila mtu alimpenda. Alikuwa anamalizia mlango wa watu. Kesho yake barabara ilikatwa.

Jamani, nilipigwa na butwaa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa ni vita, na vita nilivielewa, ni kitu kikubwa, hakina jina la mtu. Kumbe kati yangu na ubavu wa Papa kulikuwa na mlango mmoja wa mbao na kicheko kimoja. Na kicheko chenyewe nilikuwa nimekipenda dakika chache tu zilizopita. Nililala nimeugeukia ukuta, nikamchukia Papa, halafu nikamlilia, halafu nikamchukia kwa kuwa namlilia.

Asubuhi mama alisema maneno machache. "Kule hatuendi. Intavyuu wataitana wao kwa wao. Miye sitapeleka mutoto kwa nchi haina kichwa, kwa mwanaume anacheka."

Alilisukuma sanduku kwa mguu mpaka likagonga ukuta.

Papa alipiga simu siku zilizofuata, mama hakupokea. Siku moja nilipokea mimi, nikiwa uani peke yangu.

"Papa, ulicheka kweli?"

Nilimsikia anavuta pumzi. "Nilicheka, Sifa," alisema. "Mama yako aliona. Miye sikuona." Kisha akauliza, "Anataka nifanye nini?"

Sikujua, nikaenda kumuuliza mama. Alikuwa anakata kitambaa na hakuinua macho. "Aonyeshe chumvi," alisema.

Nilidhani ni matusi. Lakini jioni ileile video iliingia. Papa alikuwa ameenda dukani baada ya kazi, akashika simu mbele ya rafu, na rafu ilikuwa imejaa chumvi kutoka mwanzo mpaka mwisho: ya unga, ya mawe, pakiti za bluu na nyeupe. Mama aliitazama mpaka mwisho, akairudisha kwangu, akaendelea kukata. Kesho yake ikaingia nyingine, na nyingine. Ikawa ndiyo habari mpya za Uswidi. Mama alianza kumwagiza: aonyeshe stendi ya busi, wanawake wamebeba nini kichwani? Aonyeshe polisi, amelewa? Watoto wanaenda shule na mabegi au wanaenda na magodoro? Papa alizunguka mji wake wote kwa baridi akitupigia picha za mambo yasiyo na habari yoyote. Alipomrekodi polisi, polisi alimfuata kumuuliza, na video ikakatika hapo. Mama hakupumua vizuri mpaka kesho yake ilipoingia chumvi.

"Bamepata serikali?" aliniuliza kila mchana nikitoka shule.

"Bado."

"Eh." Na mguu wake ulirudi kwenye pedeli.

Kisha nikamsomea habari ya mtoto wa huko, msichana mdogo kunizidi, aliyekuwa anacheza ziwani. Maji yalikuwa yamepungua kwa ule ukame, akakanyaga kitu, akakitoa, kumbe ni upanga wa watu wa kale. Mimi niliona ni bahati ya ajabu, hata wivu nilimwonea. Mama aliweka mkasi mezani.

"Silaha zinatoka kwa maji," alisema. "Na wewe unacheka."

Sikuwa nimecheka, nilikuwa nimetabasamu tu. Lakini nilijua tumerudi nyuma kabisa. Papa Zakaria alikuja nyumbani na Biblia na maandazi, akamweleza kwamba upanga una kutu ya zamani sana, kwamba tarehe ya Pretoria imetoka, ni Januari, na kwamba ukikosa siku yako hakuna wa kukuitia nyingine. Mama alimpa chai. "Video iko nzuri, Papa Zakaria," alisema. "Lakini video haionjwi."

Nilimpelekea Papa maneno hayo kama yalivyo. "Basi nitakuja," alisema.

Alikuja Desemba, kwenye joto. Mama alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Mimi nilikataa kutoka nyumbani bila koti la Uswidi, maana kwa akili yangu mtu wa Uswidi angenitambuaje bila koti? Mama alichoka kubishana. Pindo lilikuwa limeisha, uzi wa mwisho aliufumua mwezi ule, na mikono ya koti sasa ilinifika sawasawa kwenye viganja. Tulisimama uwanja wa ndege kati ya watu wenye maua na baluni, mimi jasho likinitiririka mgongoni, nanuka naftalini, watu wakinipisha.

Mlango ulipofunguka nilimtafuta mtu mrefu. Walipita warefu wote. Aliyekuja kusimama mbele yetu alikuwa mfupi, mfupi kuliko mama, mwembamba, na mvi pande zote mbili. Begi lilikuwa begani. Mikononi, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani ya sadaka, alikuwa ameshika pakiti ya bluu ya chumvi.

Sauti tu ndiyo ilikuwa yake. "Mama Sifa," alisema. "Chumvi iko. Nimeitoa kwa rafu mwenyewe." Akamnyooshea pakiti. "Lakini siku ile haikukuwako. Ulisema kweli, na miye nikacheka."

Mama aliichukua pakiti, akaichana kwa meno palepale, kati ya baluni za watu, akachovya kidole, akaonja. Alikaa na ladha ile mdomoni muda mrefu. Nilimtazama usoni kama ninavyotazama mwalimu akisahihisha daftari langu. Papa alinitazama mimi, akaliona koti, akaona jasho linavyonidondoka kidevuni Desemba ya Joburg, na nikaona kicheko kinampanda kifuani na yeye anakikanyaga kwa nguvu zake zote, macho yamemtoka, shingo imemvimba.

Mama naye alikiona.

"Cheka basi," alimwambia. "Sasa unaweza kucheka."

Hakuweza. Alifungua mdomo kikatoka kilio, na mama akamshika kichwa akamlaza begani, na chumvi ikamwagika kidogo kwenye kitenge, na mimi nikajisogeza kwenye ubavu niliokuwa nimeuchagua. Ulikuwa chini kuliko nilivyopanga, ikabidi nipinde magoti.

Tulipokuwa tunatoka kuelekea kwenye gari la Papa Zakaria, mama akiwa mbele na ile pakiti kwapani, aligeuka nusu.

"Na serikali, bamepata?"

"Bado," tulijibu, Papa na mimi, kwa pamoja.

"Haina neno," alisema mama. "Januari tutaenda hiyo intavyuu. Sifa, vua hiyo koti, utaiharibu na jasho."